Isale Mkononi, Mvua Mlangoni

Winfrida alikwisha kupanga kuni jikoni, akapigilia upya mabati ya banda la ng'ombe na kuzibua mifereji yote ya kihamba chake, shamba la nyumbani, pale Kirua. Ulibaki mmoja tu, ule unaopita nyuma ya chumba cha mama mkwe, Bibi Aikaeli, na huo ndio uliomnyima usingizi. Mdomo wake ulitokea mpakani kwa shemeji yake, Sifael, naye aliuziba kwa udongo baada ya Krismasi, juu yake akapanda masale, mimea mitakatifu ya mpaka. Na mpaka wa masale, kwa Wachagga, huung'oi kama magugu. Anaung'oa aliyeupanda, au mtu anayejitafutia laana.

Mchana ule wingu jeusi liliufunika mlima wote. Ukuta wa chumba cha Bibi Aikaeli ulikuwa wa udongo, na masika yaliyopita ulilowa hadi ukavimba tumbo. Usingestahimili mafuriko mengine. Bibi mwenyewe, tangu apooze miguu, alikataa katakata kuhamishwa, iwe kwa Sifael au chumba cha pili. "Nitafia humu alimofia mume wangu," basi. Mtu na ukaidi wake! Godwin, mume wa Winfrida, alikuwa juu mlimani akiongoza watalii, simu haipatikani.

Winfrida alilijua kosa lake. Krismasi, ukoo mzima umerudi nyumbani, nyama inagawanywa, mdomo ukamponyoka: "Kaka mkubwa gani huyu? Jembe hashiki, analishwa na mkewe, halafu apewe kidari cha mkubwa!" Watu wakaangua kicheko. Sifael akaiacha nyama yake kwenye jani la mgomba, akaondoka.

Kuomba radhi kwa kinywa chake, Winfrida? Thubutu! Lakini isale lilikuwepo. Ukiletewa jani lake lililofungwa fundo, hata uwe umeumizwa vipi, huna ruhusa ya kukataa kusamehe. Alikata moja, akalifunga, akateremka. Jani lingemsemea, yeye angenyamaza zake.

Sifael alimwona akitokea kwenye migomba. Alipoliona jani, akaingia ndani na kutia komeo.

"Hodi, shemeji! Mvua hiyo!"

Matone ya kwanza yakagonga bati. Winfrida alizunguka nyuma mbio, akamkuta anachomoka kwa mlango wa jikoni. Mtu mzima anakimbia jani! Siku nyingine angecheka.

"Usininyooshee hilo," Sifael alisema, mikono ameificha mgongoni. "Ukinipa, limenifunga. Nitasamehe kwa lazima, na wewe hutakuwa umesema neno."

"Ukuta utamwangukia mama yako!"

"Ndiyo maana uharakishe. Weka jani chini, useme. Brenda alisikia la Krismasi, na hili alisikie."

Binti wa Sifael, Brenda, alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya kukingia maji. Winfrida aliona hasira, kisha aibu, kisha hofu ikazimeza zote mbili. Akaliweka jani kwenye matope.

"Nilikudhalilisha mbele ya ukoo."

"Mvua inapiga kelele. Hasikii."

"Nilikudhalilisha, shemeji!" alipaza sauti, machozi yakimtoka. "Nilisema hushiki jembe, na kaburi la baba yako ulilichimba wewe mpaka viganja vikachubuka. Nilijua. Nilisema tu ili watu wacheke. Nisamehe."

Sifael aliingia ndani, na Winfrida akadhani anafunga tena. Alitoka na majembe mawili.

"Masale nitang'oa mwenyewe. Wewe vuta udongo."

Walikimbia hadi mpakani. Maji yalikwisha kujaa, yanalamba ukuta. Sifael aling'oa isale la kwanza na mizizi yake, la pili, la tatu, kisha akapiga jembe mpaka udongo ukakatika. Maji yakaporomoka kwenda bondeni, na wote wawili wakarushwa matope hadi usoni.

"Nani anachimba huko?" Bibi Aikaeli aliita kutoka ndani.

Winfrida alivuta pumzi, akajibu kwa sauti ya kufika mpaka kwa majirani wa barabarani.

"Ni Sifael, mama! Sifael ndiye ameshika jembe!"