Kinanda Upande wa Pili

Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko. Saa nane mchana, baada ya kuosha sahani moja na kikombe kimoja, mpiga pasi wa hoteli aliifuta santuri kwa kitambaa cha flana, akaiweka kwenye mashine na kuteremsha sindano. Gitaa la umeme lilianza, kavu, kama mtu anayekwangua ukoko. Saksafoni ikalijibu. Kinanda kilipoingia, mpiga pasi aliondoka kitini, akapanda taratibu na kutulia hewani, kandambili zikabaki sakafuni.

Ilikuwa hivyo tangu santuri ile ya jazi itoke, miaka thelathini na mmoja sasa. Kinanda kikilia, alipanda. Kikinyamaza, alishuka. Majirani walishazoea. Mke wa kinyozi, wa mlango wa pili, alipiga hodi akaingia.

"Shoga, naomba chumvi."

"Chukua mwenyewe, iko kabatini. Mimi hapa bado nina dakika tatu."

"Buibui wamejaa kwenye hiyo kona."

"Nimewaona."

Mke wa kinyozi alichukua chumvi akaenda zake. Alikuwa mgeni wa kwanza tangu Jumapili, na wa mwisho siku hiyo.

Kwenye jalada la santuri palikuwa na picha ya wanaume watatu: mpiga gitaa, mpiga saksafoni, na mpiga kinanda aliyejulikana kwa jina la Vidole. Vidole alikuwa kaka yake mpiga pasi, tumbo moja, na tangu wazazi wafariki walikuwa wawili tu duniani. Siku ya kurekodi alifika studio amelewa chakari, akajilaza chini ya kinanda na kuanza kukoroma. Studio ilikuwa yao kwa siku hiyo tu. Dada, aliyekuja kumletea koti, alizijua nyimbo zote, maana yeye ndiye aliyekuwa akimsahihisha nyumbani. Aliketi akapiga upande wa kwanza, akapiga na wa pili. Kisha akamwamsha kaka yake.

"Usimwambie mtu," Vidole alimwambia siku ile. "Ngoja kwanza nipate jina. Nitasema mwenyewe."

Jina alilipata.

Ijumaa ya wiki hiyo, jioni, Vidole alikuja kumtembelea dada yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi kumi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja.

"Mdogo wangu, kesho wananivisha nishani. Itatangazwa redioni."

"Nimesikia, kaka. Nimeshona na gauni."

Vidole alitazama viatu vyake. "Nimekuja kukuomba usije. Watapiga santuri yote. Utapanda mbele za watu, halafu wataanza kuniuliza maswali."

Mpiga pasi alimimina chai.

"Mimi nikiisikiliza nakaa pale pale," kaka alisema. "Nimejaribu hata kusimama juu ya meza. Wapi!"

"Ulisema utasema mwenyewe."

"Nitasema. Kila jambo na wakati wake."

Aliacha chai nusu kikombe. Alipoondoka, dada aliimaliza ile chai, akalitoa gauni kwenye msumari na kulikunja. Halafu akapiga simu hotelini kusema kwamba kesho ataingia kazini kama kawaida.

Jumamosi saa tano asubuhi, chumba cha kufulia kilikuwa kimejaa mvuke. Msimamizi aliongeza sauti ya redio, kwa kuwa na yeye alimpenda Vidole tangu ujana wake. Kinanda kilipoingia, mpiga pasi alipanda na pasi mkononi hadi waya ukakaza.

"Bibi, nipe hiyo pasi, utaing'oa soketi," msimamizi alisema.

Alimpa. Akaendelea kupanda mpaka kisogo kikagusa dari. Huko juu kulikuwa na joto, na shuka zilizotandazwa chini zilionekana ndogo kama leso. Hakuwepo wa kuzungumza naye. Alisikiliza upande wa kwanza wote na wa pili, akipanda na kushuka, wenzake wakisogeza matenga yao kumpisha.

Santuri ilipokwisha, mtangazaji alimuuliza Vidole kuhusu wimbo wa tatu, pale ambapo kinanda hukatika ghafla kisha kurudi. Watu wamebishana miaka yote. Ukimya ule aliutoa wapi?

Mpiga pasi, aliyekuwa ameshafika chini, alisogea karibu na spika.

"Nilikuwa namsikiliza Mungu," Vidole alisema.

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Msimamizi alijifuta macho.

Siku ile ya kurekodi, pale kwenye wimbo wa tatu, Vidole aligeuka usingizini na kiwiko chake kikachomoa waya wa kinanda ukutani. Dada yake aliurudisha kwa kidole cha mguu, bila kuondoa mikono kwenye kinanda.

Mpiga pasi alichukua shuka iliyofuata.

Saa moja jioni simu yake iliita.

"Ulinisikia?" Vidole aliuliza. Nyuma yake palikuwa na vicheko na sauti za glasi.

"Nilikusikia, kaka. Hongera."

"Ulipanda?"

"Mpaka darini."

"Watu waliona?"

"Wa kazini tu."

"Ah. Basi vizuri."

Alitaka kumuuliza kama nishani ni nzito, lakini simu ilikuwa imeshakatika.