Mji wa Nani, Mji wa Kwa Nani

Kila siku saa saba na nusu mchana, vyombo vikishaoshwa, Nakijwa na baba yake hukaa kwenye meza ya sebuleni na kusoma mistari kumi ya Kigiriki cha kale. Baba, Mchungaji Mrutu, husoma kwa sauti, Nakijwa hufasiri, na mstari wa kumi ukiisha kitabu hufungwa na chai humiminwa. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu Nakijwa alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mama alipofariki na nyumba yao ya huku milimani Usangi ikajaa shangazi na majirani wasioondoka, mpaka baba na binti wakabuni njia ya kusemezana bila kusikilizwa. Katika nyumba hii neno gumu husemwa kwa Kigiriki. Leo Nakijwa ana neno gumu kuliko yote, na ameapa kulitoa mstari wa kumi ukiisha. Ndani ya daftari lake mna fomu ya kwenda kusoma Kikorea huko huko Korea, miaka minne, nayo inataka sahihi ya mzazi. Saa kumi alasiri Mwalimu Baek, mama wa Kikorea anayemfundisha chuoni, anapanda basi stendi akiwa na fomu zote mkobani, na asiyeleta yake ndiyo basi tena. Mchungaji anajua kwamba binti yake anajifunza Kikorea kama anavyojua kwamba kuna watu wanafuga sungura. Kuhusu fomu hajui lolote. Wako mstari wa saba, mara hodi, mzee wa kanisa yuko mlangoni anahema. Mchungaji, Mama Nanzia amezidiwa, anakuita. Baba anavaa koti, anasema, Nisubiri hapo hapo, Naki, hatujamaliza. Mlango unafungwa. Ni saa nane. Ukungu unashuka mpaka dirishani, nyumba inanyamaza, naye analaza shavu juu ya ukurasa, kidogo tu, apate kufikiri ataanzaje.

Karatasi ni baridi, kisha si karatasi tena, ni njia. Njia nyeupe, pana, isiyo na mwisho, na juu yake herufi zinatembea kwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, na hapa na pale mojawapo imebeba kijiti chake cha mkazo kichwani kama mwanamke anayetoka kuokota kuni. Nakijwa anatembea kando yake. Njia inapinda, inarudi pale pale, inapinda tena, na kila akifika kwenye kona anaikuta nyumba ile ile, imekua kidogo. Mbele kabisa anaona mgongo wa baba, koti lile, mwendo ule wa mtu anayeitwa na mgonjwa. Anajua, kama mtu anavyojua mambo akiwa usingizini, kwamba baba akivuka geti la mwisho kabla ya saa kumi hatamfikia tena, na fomu itabaki tupu. Anamwita. Sauti haitoki. Basi anakata kona, anaingia mjini, labda kuna njia ya mkato.

Mji huo kuta zake zote ni vioo. Nakijwa anaona ndani yake barabara, mbingu, herufi na vijiti vyake, na daftari lake linaelea hewani peke yake. Yeye mwenyewe hayumo. Kwenye mlango wa kwanza amesimama mtu ambaye uso wake ni laini kama yai lililomenywa. Mtu huyo anauliza, Nani? Nakijwa anasema, Samahani, natafuta njia ya kufika kwa baba. Sikukuuliza unatafuta nini, anasema yule mtu. Huu ni mji wa Kigiriki. Hapa kitendo hakipiti getini bila mwenyewe anayekitenda. Tunamwona mkiani mwa neno lake, ni mimi, ni wewe, ni wale. Wewe umekuja na kitendo kikavu. Nani anaenda?  Fomu inaenda, anasema Nakijwa. Yule mtu anacheka, tumbo linacheka, uso hauna cha kuchekea. Jamani, fomu ina miguu siku hizi? Itapanda ndege yenyewe? Nakijwa anasema, Basi, kuna mtu fulani anaenda. Fulani, fulani! Hivi wewe huko kwenu husemi hivi hivi? Kwenu mwenyewe mnambeba kichwani mwa neno, sisi tunamfunga mkiani, lakini wote tunatoka naye nyumbani. Sema, binti. Nani? Nakijwa anafungua kinywa, na kinachomjia si jibu bali siku moja ya zamani, ana miaka kumi na sita, amekaa kwenye meza ile, amemwambia baba kwa Kigiriki kwamba yuko mpweke. Na baba akasema, Kaza silabi ya kwanza. Akarudia. Akarudia tena, mpaka upweke wake ukatamkwa vizuri sana, wakanywa chai. Yule mtu anagonga kioo kwa kidole. Humu haonekani mtu asiyejitaja, anasema, na mlango unafungwa.

Anakimbia. Njia inapinda chini ya miguu yake na kumtema katika mji ule ule, ila umegeuzwa kama nguo iliyovaliwa ndani nje. Vioo hakuna. Herufi hazitembei tena kwa mstari. Zimepanga vijumba vya mraba, mbili mbili, tatu tatu, nyingine nne chini ya paa moja, hii imekaa begani mwa ile, na kutoka madirishani kunanukia wali. Mwanamke asiye na uso anatoka kwenye kijumba kimoja na kuuliza, Umekula? Nakijwa nusura alie, maana hivyo ndivyo Mwalimu Baek alivyomsalimia siku ya kwanza, na ilikuwa muda mrefu hajaulizwa. Nimekula, anajibu kwa Kikorea. Hee! anasema mwanamke, unanijibu kama shoga yako wa shule, mimi si bibi yako? Nakijwa anainama, anarudia jibu kwa heshima ya juu kabisa. Ala! Sasa umenifanya balozi, mimi si mdogo wako? Lakini sikuoni uso, Nakijwa anasema, nitajuaje nikuamkie au uniamkie? Ndicho kitendawili chenyewe, anasema mwanamke. Kule walikuuliza nani. Sisi huku nani hatumtafuti. Mwenye kusema anaweza kujifungia ndani, kitendo kikatoka peke yake, kikafika salama, na hakuna atakayekihoji. Ndiyo maana umetupenda, au nasema uongo? Nakijwa anaona haya mpaka masikioni, kwa sababu ni kweli. Alikipenda Kikorea kwa sababu kitendo hukaa mwisho kabisa wa sentensi, na mtu mwoga anaweza kuanza, akatembea na maneno yake taratibu, akijua mpaka hatua ya mwisho bado anaweza kugeuza. Lakini neno hilo la mwisho, anasema mwanamke, ndilo linalobeba heshima, ndilo linalojua unasema na nani. Na wewe hulifikii. Unasema na nani? Na baba, anasema Nakijwa. Baba yupi? Mchungaji? Mwalimu wa mistari kumi? Au yule atakayekula peke yake kuanzia Septemba?

Baba yetu, anasema Nakijwa haraka, kwa Kikorea, kwa kuwa kwa Kikorea hata mtoto wa pekee husema baba yetu, na kwa Kigiriki pia amelisema neno hilo maelfu ya mara, ila kule anakuwa amefumba macho anasali. Yetu, wewe na nani? anauliza mwanamke, safari hii kwa upole, na upole huo unatisha kuliko ukali wa yule wa kwanza. Kengele inalia. Saa tisa. Kila mlio kijumba kimoja kinafunga dirisha. Nakijwa anatoka mbio, na miji yote miwili sasa inakimbia pamoja naye, vioo upande huu, vijumba upande ule, na njia katikati inazidi kuwa nyembamba mpaka anaona geti, na mbele ya geti mgongo wa baba. Anasimama nyuma yake hatua mbili. Analisema neno lake kwa Kigiriki, kila kijiti mahali pake, hajawahi kusema vizuri namna hiyo. Mgongo unajibu bila kugeuka, Lafudhi imetulia, mwanangu. Mstari unaofuata. Analisema kwa Kikorea, kwa heshima inayogusa ardhi, na yeye mwenyewe hayumo ndani ya sentensi. Mgongo hausikii, unapiga hatua. Wale wasio na uso wamesimama huku na huku. Nani? anasema mmoja. Kwa nani? anasema mwingine. Nani? Kwa nani? Nani? Kwa nani? Mpaka sauti mbili zinakuwa mapigo ya kitu kimoja kinachogonga kifuani mwake. Geti linaanza kujifunga. Anarukia koti la baba, analishika, nalo linachanika mkononi kama ukurasa.

Shavu lake liko juu ya kitabu. Baba amekaa upande wa pili wa meza, hajavua koti, amelipa dirisha mgongo, na mwanga mweupe wa ukungu umemzunguka kiasi kwamba uso wake hauonekani. Saa ya ukutani inasema tisa na dakika ishirini. Mama Nanzia? anauliza Nakijwa. Ana nafuu, amelala, anasema baba. Haya, mstari wa nane. Ni sauti ya ule mgongo. Nakijwa anageuka kutazama kioo cha kabati la vitabu, anaona kiti cha baba, anaona meza, yeye hajioni, au labda mlango wa kabati uko wazi kidogo, labda. Chini ya kiganja chake kuna karatasi iliyochanika pembeni, na hakumbuki kama ilikuwa hivyo. Hajui ameamka upande gani. Anasikia tu kifua chake kinagonga. Poreuomai, anasema, ninaenda, kwa Kigiriki, kwa mazoea, kwa woga. Na baba, aliye gizani mbele ya mwanga, anasema kama alivyosema siku zote, Kaza silabi ya pili. Nakijwa anasimama. Kiti kinaanguka nyuma yake. Baba, usinisahihishe, anasema kwa Kiswahili, na sauti yake ni kubwa kuliko alivyoitaka. Kaa kimya kidogo, tafadhali, baba, nakuomba. Usoni mwa baba hakuna kinachoonekana. Kama hii ni ndoto itayeyuka, kama si ndoto, neno likitoka halirudi. Mwalimu amenipa nafasi Korea, anasema, miaka minne, fomu iko hapa inataka sahihi yako, na basi linaondoka saa kumi. Mimi ndiye ninayetaka kwenda. Mimi, Nakijwa. Wala siikimbii nyumba hii, na Kigiriki hakikunichosha, ila naogopa kukuacha peke yako mezani, nimeogopa mwezi mzima, na nilitaka kukwambia wewe baba yangu, si mchungaji wala mwalimu, kwamba nakupenda na ninaenda.