Mtu wa Siku

Bonde zima la Hawkrigg lilimwita Rowland Thwaite Mtu wa Siku, kwa sababu waliogombana walimwendea yeye, naye ndiye aliyewapangia siku ya kukatiwa shauri. Siku ikifika aliweka mkono mmoja begani mwa huyu na mwingine begani mwa yule, nao wakala kiapo kwamba watakubali chochote atakachoamua, naye akaapa kutoficha atakaloliona. Ukishaapa, umekwisha.

Isott Raw alikuwa ameapa asubuhi ile. Jirani yake, Lancelot Askew, alidai kwamba mteremko ulio juu ya ukuta wa mashamba yao ni malisho yake. Bila mteremko ule, mjane kama Isott asingevusha hata kondoo kumi majira ya baridi.

"Karatasi hamna," alisema Rowland, "na mashahidi wote wako kaburini. Basi tutawauliza kondoo. Kondoo jike hajui uongo, hurudi kula pale mama yake alipomzoeza. Isott, fungulia wako. Wakitulia mteremkoni, mteremko ni wako."

"Na wakija uani kwangu je?" Lancelot alicheka. "Niwapikie uji?"

Rowland alimkonyeza Isott kwa siri. Mzee wa watu alijua kwamba kondoo wa marehemu Miles, mumewe Isott, walikula pale tangu enzi za babu. Alikuwa amemchagulia jaribio la kumpa ushindi. Laiti angejua!

Kondoo wale walikufa wote miaka miwili nyuma, wamefukiwa na theluji, mwezi mmoja tu baada ya kumzika Miles. Tena hawakuwa wa Miles hasa, bali mali ya mwenye shamba aliyewapangisha, na mpangaji aliyewapoteza hufukuzwa. Isott aliuza ng'ombe na kitanda, akanunua wengine ng'ambo ya mlima, akawakata masikio kwa alama ya shamba, akafunga mdomo. Miaka miwili amewazuia wasitoke mteremkoni kwa mbwa na fimbo, jua lake, mvua yake. Labda wameshazoea, alijiambia. Labda.

"Mbona umejifunika shuka, mama?" aliuliza Lancelot. "Baridi yenyewe bado."

"Shughulika na kitambi chako, Lancelot."

Mbwa alifungwa. Isott akafungua lango kwa mkono wake mwenyewe.

Kondoo walipanda hadi mteremkoni, wakainamisha vichwa, wakala. Isott alishusha pumzi, na Rowland akaanza kutabasamu. Kisha jike mmoja mzee akainua kichwa, akanusa upepo wa kileleni, akaondoka. Wa pili akamfuata. Hawakukimbia hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Isott zaidi. Aliwaita kwa mwito wake wa kila jioni. Wawili wakageuka wakamtazama, kisha wakaendelea na safari yao. Wanakondoo waliozaliwa hapa hapa wakafuata mama zao. Mmoja mmoja walivuka kilele, wakateremkia upande wa pili, mpaka yakabaki mawe matupu.

Lancelot hakucheka. Alivua kofia kama aliye mazishini, maana alitaka malisho tu, hakutaka haya.

"Hao si kondoo wa shamba hili," alisema Rowland. "Nami nimeapa, Isott. Lazima nimwambie mwenye shamba." Alirudisha lango lililobaki wazi. "Mungu anisamehe, nilitaka ushinde."

"Najua, mzee," alisema Isott, akaingia ndani kufungasha vyombo.