Vyuma Ambavyo Tajiri Alisahau Kuvikataza

Ua lililochongwa mlangoni lilikuwa la kaka yake, hilo halikuwa na ubishi. Skrubu alisimama mbele ya mlango mpya wa nyumba ya watu, begi la zana begani, akasahau kabisa kwamba ameitwa pale kutengeneza printa. Petali zote zililala upande mmoja kama zimesukumwa na upepo, na jani moja lilijibanza nyuma ya jingine. Kaka mtu alilibuni ua lile ujanani, akalichonga kwa patasi miaka yote aliyofanya kazi kwenye karakana ya useremala ya Tajiri. Lakini kaka mtu sasa alikuwa nyumbani, vidole vya mkono wa kulia vimekakamaa. Hakuwa ameshika patasi tangu msumeno wa meza ulipomkata, msumeno ambao Tajiri mwenyewe aliamuru uondolewe kinga ili kazi iende mbio.

"Nani kawachongea?" Skrubu akauliza.

"Tajiri," mwenye nyumba akajibu, kifua mbele. "Ana CNC siku hizi, mashine ya kompyuta. Unachagua ua kwenye skrini, unakwenda kula, ukirudi mlango uko tayari."

Skrubu akaitengeneza printa. Mafundi wenzake wa fotokopi ndio waliompa jina la Skrubu, kwa sababu mifuko yake haikosi skrubu, na wengine walidai ni kwa sababu akishaingia mahali hatoki mpaka uwe na chombo cha kumtolea. Siku hiyo alifika nyumbani akalitupa begi mlangoni.

Kaka mtu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, anamenya viazi kwa mkono wa kushoto. Skrubu akamsimulia habari ya ule mlango, naye akamsikiliza mpaka mwisho.

"Michoro yangu ilibaki kwenye kabati lake," akasema. "Nilipotoka hospitali nikaenda kuidai. Akaniambia mimi nilikuwa kibarua wake, na mikono yangu ilikuwa vibarua wake pia."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ulitaka nimpige na huu?" Akauinua mkono uliokakamaa.

Skrubu akaketi kando yake. "Sisi nasi tutaunda ya kwetu."

"Ya kwetu nini?"

"CNC. Ni mota, reli, skrubu ndefu na ruta ya kukatia. Mimi kila siku nafungua mashine zenye vitu hivyo hivyo, ila vidogo."

Kaka mtu akakitupa kiazi kwenye sufuria, maji yakaruka. "Lidude lililokalia kiti changu ndilo unataka kuniletea ndani ya nyumba? Mdogo wangu, una akili timamu?"

"Lile limekalia kiti chako kwa sababu ni la Tajiri. Hili litakuwa lako."

"Sitaki!"

"Basi usitake. Mimi naliunda."

Mke wa kaka mtu, aliyekuwa akiyasikia yote kupitia dirisha la jiko, akatoa kichwa. "Wifi yangu, chumba cha stoo kipo. Ila panya wa humo uwahamishe wewe mwenyewe, mimi nimeshindwana nao."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Kila ofisi yenye fotokopi iliyokufa Skrubu aliiomba maiti yake, na mara nyingi walimshukuru kwa kuwapunguzia takataka. Akatoa mota za zile mashine kubwa zenye tumbo pana, mota zinazozunguka kwa hatua ndogondogo na kusimama pale pale unapoziambia. Duka moja la nguo lilikuwa linabomolewa, na mlango wake wa vioo uliokuwa ukijifungua wenyewe ulilala kwenye kifusi. Skrubu akawaomba wabomoaji wamwachie utepe mrefu wa mpira wenye meno uliokuwa ukiuvuta mlango ule. Wakamcheka. Akacheka nao, akauviringisha utepe kiunoni kama mshipi na kuondoka nao. Ruta, ile mashine ya mkono ya kukatia mapambo ya mbao, ilikuwepo nyumbani. Kaka mtu aliinunua zamani kwa ajili ya vibarua vyake vya jioni, na tangu aumie ilikuwa imefungwa kwenye gunia. Skrubu alipolifungua gunia lile, kaka mtu alimwona, akageuza uso asiseme kitu. Skrubu akahesabu kimya kile kuwa ni ruhusa.

Kilichogoma kupatikana ni reli. Ruta haiwezi kukata mstari ulionyooka ikiwa inatembea juu ya kitu kilichopinda, na mashine za fotokopi zina vyuma vyembamba kama vijiti. Pia alihitaji skrubu ndefu na nene ya kuinua na kushusha ruta. Mtu wa kumwona alikuwa mmoja: Mizani, mwenye yadi kubwa ya vyuma chakavu, aliyeitwa hivyo kwa sababu kwake yeye kila kitu duniani, hata piano, kilikuwa ni kilo.

Mizani alimwona akiingia getini akaanza kukuna kichwa.

"Dada yangu, umenikuta pabaya."

"Sijakukuta popote, sijasema hata salamu."

"Tajiri kapita hapa. Kasikia unaunda mashine. Kaniambia reli nisikuuzie, mota nisikuuzie, beringi zile kubwa nisikuuzie. Chuma chake chote kinakuja kwangu, unajua. Akinihama nitakula kutu."

Skrubu akashika kiuno. Ina maana yule mtu alikuwa na muda wa kuzunguka yadi za vyuma kumzibia njia mrekebisha fotokopi! Halafu, badala ya hasira, kicheko kikamtoka.

"Kwa hiyo anatuogopa," akasema.

"Hilo mimi sijalisema."

"Umelisema. Haya niambie, Mizani, bila kukuvunjia ahadi yako. Kuna vyuma gani alivyosahau kukukataza?"

Mizani akamtazama, akatazama geti, akatazama tena yadi yake. Tabasamu likamwanzia pembeni mwa mdomo.

"Vitanda," akasema. "Kuhusu vitanda hakusema kitu."

Nyuma ya rundo la mabati kulikuwa na vitanda vya hospitali vya zamani, vile vya kuzungusha mpini miguuni ili mgonjwa ainuke. Skrubu akapiga magoti chini ya cha kwanza, akapapasa. Mpini ulikuwa umeshikana na skrubu ndefu, nene, yenye meno mapana, imejaa grisi ya miaka. Na fremu zenyewe zilikuwa za chuma cha pembe, kizito. Beringi ndogo za magurudumu ya vitanda zikipangwa kwenye kingo za chuma kile, moja juu na nyingine chini, zingeweza kutembea zimebeba ruta. Zingekuwa reli za kitanda, lakini zingekuwa reli.

Alirudi nyumbani na habari hizo wakati wa chakula cha mchana, akazimwaga mezani.

"Vyuma vya kitanda vimepinda," kaka mtu akasema, bila kuinua macho kwenye sahani. "Watu wamelalia miaka mingi. Utaokota vya kupinda tu, hutaona tofauti."

"Basi njoo uvione wewe."

"Mimi simo."

Mkewe akaweka kijiko chini. "Mume wangu, tangu uumie umenimenyea viazi vya kutosha. Kamwonyeshe mdogo wako chuma kilichonyooka, kisha rudi uendelee kununa. Nitakuwekea nafasi yako pale pale kwenye ngazi."

Alikwenda. Walipofika alisimama mbali na vitanda, mkono mbaya mfukoni, akamwacha Skrubu achague. Skrubu akainua chuma cha kwanza.

"Hicho kimejisokota."

Akainua kingine.

"Hicho kina tumbo. Wewe huoni kina tumbo?"

"Sioni."

Kaka mtu akapumua kwa nguvu kama mtu aliyechoshwa, akamnyang'anya. Akakiegemeza chuma begani, akafumba jicho moja, akatazama ukingo wake kuelekea kwenye mwanga kama alivyokuwa akitazama mbao zamani. Akakitupa. Akachukua kingine, akakitupa. Mizani akaanza kulalamika kwamba wanamharibia mpangilio, kisha akaona hakuna anayemsikiliza, akaleta kigoda akakaa kutazama. Kaka mtu alizunguka vitanda vyote vya yadi ile. Mwisho akasimama na vyuma viwili, jasho likimtiririka.

"Hivi," akasema. "Vinahitaji kusuguliwa kwa tupa sehemu mbili tatu. Nitavipiga mwenyewe."

Skrubu akajifanya anafunga kamba ya kiatu, macho yake yasionekane.

Kuanzia hapo stoo ikawa haipitiki. Kaka mtu alikibana chuma kwenye jiriwa, akaendesha tupa kwa kushoto, akafunga uzi kutoka mwanzo hadi mwisho na kuchungulia pengo. Alikosea, akatukana, akarudia. Skrubu alipanga mota na nyaya, akaunganisha pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, kutoka kwenye kompyuta kuukuu, akapakua programu za bure kwenye mtandao na kusoma mpaka macho yakamuuma. Panya walihama wenyewe kwa sababu ya kelele.

Mashine ilikuwa imeshaundwa, haijakata bado, Tajiri alipokuja. Alikuja mchana kweupe, shati limepigwa pasi, akaingia stoo bila kubisha hodi. Akaizunguka ile mashine kwa macho, kuanzia fremu ya kitanda mpaka utepe wa mlango wa duka.

"Si haba," akasema. "Fundi, mambo?"

Kaka mtu akaendelea kupiga tupa.

Tajiri akamgeukia Skrubu. "Nasikia unajua mota. Mashine yangu imegoma, na fundi wa kampuni ananizungusha. Njoo uitazame. Nina reli mpya kabisa, za akiba, zimo kwenye boksi. Zitakuwa zako. Na kaka yako nitamrudisha kazini, kwenye msasa. Msasa unahitaji mkono mmoja tu."

Reli mpya kabisa! Skrubu alizijua, alikuwa ameziota. Laini kama kioo, hazina kutu wala kumbukumbu ya mgonjwa yeyote. Akamtazama kaka yake, na kaka yake akamtazama yeye. Uso wake haukumkataza kitu.

"Nitakuja," Skrubu akasema. "Kwa sharti moja. Uwakusanye mafundi wako wote, uwaambie lile ua ni la nani, na michoro yake uirudishe mikononi mwake mbele yao."

Tajiri akacheka kidogo. Alipoona hachekwi naye, akaacha. "Kwa ajili ya ua?"

"Kwa ajili ya ua."

"Binti, unakataa reli za chuma safi ubaki na vitanda vya maiti?"

"Vya wagonjwa," kaka mtu akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo. "Na wengi wao walipona. Mlango ule pale, Tajiri. Na ukija tena, bisha hodi."

Tajiri akatoka amevimba. Mke wa kaka mtu, aliyekuwa amesimama uani na ndoo, hakumpisha njia; ilibidi apite kwenye matope.

Mara ya kwanza mashine ilikata duara lililofanana na yai. Mara ya pili ilitetemeka mpaka nati zikadondoka. Waliikaza, wakaipima, wakaikaza tena, hadi siku moja duara likawa duara. Skrubu akafungua kompyuta.

"Sasa ua lako. Ninalo kwenye picha, nililipiga pale mlangoni. Nilichore?"

"Liache," kaka mtu akasema. "Lile ameshalichosha."

Akachukua penseli kwa mkono wa kushoto, akainamia karatasi. Mistari ilitoka ikiyumba, petali moja ikanenepa kuliko mwenzake, shina likaenda mwendo wa kusitasita. Skrubu alipoliingiza kwenye kompyuta, kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kulainisha mistari.

"Usiguse."

"Kaka, imetetemeka."

"Naiona. Ndivyo ninavyochora sasa. Kata hivyo hivyo."

Ruta ikashuka, vumbi likaruka, na mashine ikaguruma juu ya vyuma vya vitanda polepole, ikiufuata mkono wake wa kushoto katika kila mtetemo. Walipopuliza vumbi, ua lilionekana kama limechumwa sasa hivi, bado linatikisika. Mke wa kaka mtu akapitisha kiganja juu yake, petali kwa petali.

Mlango wa kwanza waliuegemeza nje, ukutani. Watu walisimama. Wengine walisema umekosewa, wengine wakarudi kuutazama mara ya pili. Baada ya siku kadhaa akaja mama mmoja aliyekuwa anajenga.

"Mnaweza kunichongea milango kama ile ya Tajiri?"

"Ya namna ile nenda kwake," kaka mtu akajibu. "Hapa tunachonga hii."

Skrubu akauma meno, akisubiri mama yule ageuke aende zake. Mama akaendelea kuutazama mlango, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Basi hii," akasema. "Miwili."

Kazi ya milango miwili iliichosha mota moja mpaka ikatoa moshi. Skrubu akaing'oa, akaitia mfukoni pamoja na skrubu zake, akachukua begi. Kaka mtu alikuwa tayari amevaa viatu, anamsubiri getini.

"Twende kwa Mizani," akasema. "Tukaone leo amekatazwa nini."