Kamera za Kuchambua Ngwara

Kwa miaka kumi na tisa Anande Nanyaro alikalia kiti kilekile katika ofisi ya Kilele Wakala wa Forodha, Sokon I, na katika miaka hiyo alikuwa amewadharau wakurugenzi watatu. Huyu wa sasa, Hans Lyimo, alimdharau kwa raha zaidi ya wote.

Hans alikuwa na suti nne, manukato yaliyofika ofisini kabla yake, na kitabu cha ushuru ambacho hakijafunguliwa hata siku moja, kimewekwa nyuma ya kioo kabatini kama vikombe vya wageni. Cha Anande kilikuwa kimechakaa mpaka kikafungwa kwa mpira. Ile sura ya themanini na nne, ya mitambo na mashine, aliijua kama mzee wa kanisa anavyozijua nyimbo za ibada. Ukimtajia pampu, anakutajia namba yake ya ushuru. Ukimtajia kinu, anakuuliza kwanza kinasaga nini. Na kazi yenyewe iko hapo. Mashine ikipangwa kwenye namba yake, hutozwa ushuru wake. Ikipangwa kwingine, mwenye mashine atalia.

"Mama Eliya," Hans alimwambia Anande wiki aliyoingia, "haya mambo ya kukariri yamepitwa na wakati. Siku hizi ni mtandao na kufahamiana na watu."

Anande akasonya moyoni. Tangu siku hiyo aliapa kutomwambia bwana huyo jambo ambalo hakuulizwa.

Mwezi wa saba akaja Namnyaki Lemomo, mwalimu mstaafu, katibu wa kikundi cha akina mama wakulima wa ngwara, zile kunde nyeusi, wa Oldonyosambu, nyuma ya Mlima Meru. Kikundi kilikuwa kimejinyima misimu minne kikaagiza mashine ya kuchambua nafaka. Ngwara zinamwagwa juu, zinateremka kwenye mfereji, kamera zinaitazama kila punje, na punje iliyooza au kokoto ikionekana, upepo unaipuliza pembeni. Ilikuwa imefika ghala la forodha upande wa Njiro ikiwa katika makasha matatu: moja la kamera, moja la mtambo wa kubana hewa, moja la mwili wa chuma.

"Hii nitaishughulikia mwenyewe," Hans alisema, akikunja mkono wa suti saa ionekane.

Alasiri Anande alikuta tamko la mzigo kwenye printa. Hans alikuwa ameandika bidhaa tatu. Kamera. Mtambo wa hewa. Vyuma vya ujenzi. Kila moja na namba yake, kila moja na ushuru wake.

Anande alilisoma mara mbili, karibu acheke. Hata karani wa wiki ya kwanza anajua kwamba mashine iliyofunguliwa ili isafirishwe ni mashine moja, na yenye viungo vingi hupangwa kwa kazi yake kuu. Kuiita kamera kwa sababu ina kamera ni kama kumwita ng'ombe ngozi. Alinyanyuka aende kumwambia. Mlango wa Hans ulikuwa wazi, naye yuko kwenye simu, miguu juu ya meza.

"Aah, kakazi kadogo tu," alikuwa akimwambia mtu. "Kamashine ka akina mama wa porini huko. Hata wao hawajui wamenunua nini."

Anande akasimama kidogo. Kisha akarudi, akalilaza lile tamko kifudifudi kwenye trei, akaenda kunywa chai. "Acha aanguke," alijisemea. "Leo ndiyo leo."

Lakini Hans hakuanguka. Walioanguka ni akina mama. Forodha walikadiria kama walivyotamkiwa, ushuru ukaja umebebana, na kikundi hakikuwa na cha kuulipa. Makasha yakabaki ghalani. Hans alimwambia Namnyaki kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayefariji wafiwa, "Serikali ndivyo ilivyo, mama. Kamera ni kamera." Anande alisikia kila neno. Akaendelea kupanga mafaili, akingoja siku ambayo bwana yule atalazimika kuja kwenye meza yake na kuuliza. Aliionea hamu siku hiyo.

Wiki ya tano Namnyaki alipanda ngazi mwenyewe, shuka begani, mfuko wa salfeti mkononi. Hans alimwona kupitia dirisha akajifungia ndani, akamtumia Anande ujumbe: "Mwambie niko Dar." Manukato yake yalikuwa bado yananukia kwenye korido.

Namnyaki alisalimia, akaketi, akaufungua mfuko. Ndani mlikuwa na ngwara nyeusi, zimechanganyika na kokoto na punje zenye ukungu.

"Dada, mnunuzi wa Namanga amerudisha lori zima," alisema. "Tumechambua kwa ungo usiku na mchana, macho yamechoka. Nimekuja kuuliza jambo moja, na bosi wako hataki kunijibu. Hii mashine kazi yake ni nini, kupiga picha au kuchambua ngwara?"

Anande alikuwa amelisubiri swali hilo wiki tano. Likaja kutoka kwa mtu asiye yule aliyemngoja.

"Kuchambua," alijibu.

"Basi kwa nini inalipiwa kama kamera?"

Anande alifungua droo, akatoa kitabu chake, na kile kijitabu cha mashine ambacho Hans hakukipekua. Akaandika barua ya kuomba tamko lirekebishwe, mkono wake haukusita popote. Akagonga mlango wa Hans na kuufungua bila kungoja.

"Saini hapa."

"Mama Eliya, nilisema niko..."

"Uko Dar, najua. Saini."

Hans alisaini bila kusoma. Hakuwa mtu wa kusoma.

Kesho yake walikuwa ghalani na ofisa wa forodha, kijana mpole aitwaye Koikai, aliyemwamkia Anande shikamoo mbili, moja ya umri na moja ya kitabu alichokishika. Anande alimwonyesha vibati vya makasha matatu: namba moja ya mashine, mara tatu. Akamwonyesha mchoro, matundu ya skrubu yanavyokutana. Koikai akainama kuangalia kamera.

"Na hizi zinahifadhi picha?"

"Hazihifadhi kitu. Zinaona uchafu na kuuambia upepo."

Namnyaki akamimina ngwara zake juu ya kasha. Koikai alizipapasa kwa kidole, akatenga kokoto moja, akacheka kidogo. "Hii ni mashine ya kuchambua nafaka na kunde," alisema, akiandika. "Hili ni jambo la wazi kabisa. Nani aliandika tamko la kwanza?"

"Ofisi yetu," Anande alisema.

Nje, kwenye jua, Namnyaki alifunga mfuko wake polepole.

"Ulijua lini?"

Anande angeweza kudanganya. Lakini uongo aliuona ni kazi ya watu kama Hans. "Siku ileile tamko lilipoandikwa. Nililisoma, nikaenda kunywa chai."

Namnyaki alimtazama kuanzia viatu mpaka kilemba, kama mtu anavyotazama mbuzi mgonjwa mnadani. Anande aliutambua mtazamo ule. Ulikuwa wake, alioutumia miaka kumi na tisa, na hakuwahi kujua unavyouma.

"Yule Hans hajui," Namnyaki alisema. "Asiyejua nitamsamehe. Wewe ulijua, ukanywa chai."

Hakumpa mkono. Mashine ilitoka wiki hiyo, ngwara za msimu zikiwa zimeshauzwa nusu bei, na kikundi hakikurudi tena Kilele. Anande alisikia wamehamia kwa wakala wa Themi.

Hans aliwaambia watu wote kwamba yeye ndiye aliyewakomboa akina mama wale, kwa kufahamiana na watu. Anande alimsikiliza akisimulia, akamdharau zaidi ya zamani, ila raha ilikuwa imekwisha ndani yake.

Mwezi wa kumi, Hans akiwa mbele ya mteja wa Makumira aliyeleta mashine ya kukamua alizeti, ametaja kwa sauti namba isiyo yake, kalamu tayari juu ya tamko, Anande alinyanyuka kwenye kiti chake, akavuka chumba, na kulichomoa lile tamko mkononi mwa mkurugenzi.

"Umekosea," alisema, mteja akisikia. "Sogea nikae."

Hans alifura. Kisha akasogea.