Chupa Iliyonuka Hamira

Mkuu wa maabara alikuwa mkuu kwa nguvu za mdomo. Kazi ya mikono aliwaachia wengine, hasa mdogo wa mkewe, mtafiti aliyekuwa akimdharau kimyakimya tangu siku ya kwanza kazini. Nyuma ya mgongo wake watu walimwita Povu, na jina lenyewe huyu mdogo wa mkewe ndiye aliyelianzisha.

Sababu alikuwa nazo. Bakteria wa kawaida ni walafi: ukiwapa glukosi pamoja na sukari ya magunzi ya mahindi, huifakamia glukosi kwanza, ile ya magunzi wakaisusa. Mtafiti huyu alikuwa amechezea vinasaba vyao mpaka akauziba mlango mkubwa wanaoingizia glukosi. Sasa walikula zote mbili kwa pamoja, taratibu, kwa adabu. Kazi hiyo ilikula ujana wake. Na leo wafadhili walikuwa wanakuja kuamua nani apewe maabara yake mwenyewe, na atakayesimama kuzungumza ni Povu. Alishasimama hivyo kwenye mikutano, akasema "utafiti wangu" bila hata kumeza mate.

Asubuhi hiyo mtafiti alimkuta Povu anaitikisa dirishani chupa ya bakteria ya kuwaonyesha wageni, meno yote nje.

"Shemeji, njoo uone! Imechafuka yote. Wamezaliana hao, si mchezo!"

"Umewapa nini?"

"Glukosi iliisha, nikachota ile ya chai kule kabatini. Sukari ni sukari, bwana."

Sukari ni sukari! Mtu ametundika shahada ukutani kwenye fremu za kung'aa, na hajui kwamba bakteria hawa sukari ya chai hawaiwezi, hata uwamwagie gunia zima. Akasogeza pua. Chupa ilinuka hamira. Kilichokuwa kinanenepa mle ndani ni chachu, imeingia na kijiko cha chai, pengine na mate ya mtu. Kwenye kabati la joto alikuwa na chupa yake safi, iliyolishwa sukari zinazotakiwa. Kuzibadilisha ilikuwa kazi ya kunyoosha mkono tu.

"Hongera, shemeji," akasema. Alitaka kumwona akiumbuka mbele za watu, na hamu hiyo ilimkaa kooni kama njaa.

Wageni wakafika. Povu akakohoa, akanyoosha tai.

"Leo sisemi mengi," akaanza, na hilo peke yake lilikuwa muujiza. "Kazi hii si yangu. Ni ya shemeji yangu huyu, tangu wazo lenyewe hadi hawa bakteria. Nimechelewa kusema, na naona haya. Maabara mpeni yeye."

Akamwekea chupa mikononi, mbele ya watu wote, huku akipiga makofi.

Mtafiti akaipokea. Kiongozi wa wageni, mama mfupi mwenye miwani, profesa wa vijidudu, akaichukua ile chupa, akaifungua, akanusa.

"Hii ni chachu. Mmeweka sukari gani?"

Povu akapauka. "Ya chai, Profesa. Niliweka mimi. Kosa ni langu peke yangu, yeye hakujua."

Profesa akamgeukia yule mtafiti. "Hukujua?"

Akisema alijua, habari kwamba alimwacha shemeji aumbuke zitamfikia dada yake, mke wa Povu, kabla ya jioni. Na shemeji mwenyewe alikuwa amesimama pale, jasho linamtiririka, anamtetea, mjinga yule, mjinga wa kutupwa, kwa nini uungwana umpate leo? Alimchukia kuliko siku zote.

"Sikujua," akasema. "Niliiona asubuhi. Nikadhani ni bakteria wangu."

Profesa akaifunga chupa, akaiweka mezani.

"Bakteria umewabadilisha wewe mwenyewe namna ya kula sukari," akasema polepole, "halafu hujui ni sukari gani wasiyoila."

Akawaambia wenzake waende chumba kinachofuata. Hakumtazama tena.