Skrubu Iliyobaki

Usiku wa kuamkia leo niliota skrubu amenigongea mlango. Nilimtambua papo hapo. Jioni nilikuwa nimeifungua kamera ya filamu ya marehemu baba, maana pazia lake la kupitisha mwanga lilikuwa linakwama, na nilipoifunga, skrubu moja ikabaki mezani. Nikaitia kwenye kizibo cha soda, nikajiambia ni ya ziada. Fundi gani hajawahi kusema hivyo?

"Shikamoo," nikamwamkia, kwa kuwa alikuwa amevaa kanzu.

"Marahaba. Fanya haraka, kikao kimeanza."

Tunaingia kamerani kwa mlango wa filamu. Ndani ni ukumbi wa harusi. Shangazi yangu Mwanakheri ameketi jukwaani, hina mikononi. Kesho anaolewa, baada ya kuwakataa wachumba wa nusu ya Muheza, na mpiga picha ni mimi.

Springi ndiye mwenyekiti. "Kanuni ni moja," anasema. "Kisichokuwepo hakiharibiki. Anayeitakia kamera uimara, atoke."

Makofi! Gia wanatoka wameumana meno. Kioo anatoka kinyumenyume. Lenzi anaaga, ukungu umemtanda. Kila anapotoka mmoja, springi anatangaza kwamba kamera imezidi kuwa imara, na mimi, Mungu anisamehe, napiga vigelegele. Raha iliyoje!

Mwishowe pazia anajikunja kama mkeka, anaondoka.

"Sasa haitaharibika milele," anasema springi, naye anatoka.

"Na picha yangu?" anauliza shangazi. "Mwanangu, ningoje miaka yote hii, halafu nikose hata picha?"

Namgeukia skrubu. "Mzee wangu, nisaidie."

"Mimi ndiye niliyemshika pazia," anasema bila hasira. "Ukaniita wa ziada. Haya, kazi hiyo utaifanya wewe."

Ananipaka mafuta ya cherehani kwenye kope za jicho la kulia, anapanda, anajikaza pembeni mwa jicho. Hata haliumi.

"Fumba. Fumbua."

Shangazi anatabasamu. Nafumba, nafumbua. Chak!

"Imetoka!" nikapiga kelele, na kelele hizo ndizo zilizoniamsha.

Kizibo cha soda kilikuwa kitupu. Nikaikimbilia kamera, nikabonyeza. Pazia likafunguka na kufungika, safi kabisa. Shangazi atapata picha yake!

Nikabonyeza tena, nijiridhishe. Jicho langu la kulia likajifumba pamoja na pazia, likinuka mafuta ya cherehani.